MGENI NA JEMBE: Mambo ya kujua kabla ya kumwandika kazi mtu kutoka nchi nyingine

Wazee wetu walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii yafaa sana nyumbani. Lakini mkulima anayempa mgeni jembe kwa mshahara ameingia katika mambo ya sheria, na haifai aingie gizani.

Msimu wa kuvuna mahindi Trans Nzoia, au wa kukata miwa huko Busia, kazi huwa nyingi na mikono michache. Watu huvuka mpaka wakitafuta vibarua. Wengine ni wachungaji wa ng'ombe, wengine ni wachumaji wa majani ya chai, wengine hufyeka na kupalilia. Mkulima huona mtu mwenye nguvu amesimama langoni, akampa panga na kumwonyesha mstari wa kuanzia. Hamwulizi jina lake kamili, wala atokako, wala hati yake. Mwisho wa mwezi shida huanza.

Somo la mwezi huu ni juu ya shida hiyo. Soma polepole, na kama una jirani asiyejua kusoma, msomee.

1. SHERIA MBILI, MASWALI MAWILI

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba hapa kuna sheria mbili, na kila moja ina swali lake.

Sheria ya kwanza ni Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011. Swali lake ni hili: Je, mtu huyu ana ruhusa ya kukaa na kufanya kazi nchini Kenya?

Sheria ya pili ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Swali lake ni jingine: Je, mtu huyu amefanya kazi kwako, na umemtendea haki?

Wakulima wengi huyachanganya maswali haya. Hudhani kwamba mtu akikosa jibu la swali la kwanza, basi la pili limekufa. Sivyo hata kidogo. Mtu aweza kuwa na kosa la uhamiaji, na wewe bado ukawa na deni lake la mshahara. Makosa mawili hayafutani. Shika neno hili, kwa maana somo lote limejengwa juu yake.

2. MGENI NI NANI?

Mbele ya sheria, mgeni ni mtu asiye raia wa Kenya. Mgeni si mtu mwenye lafudhi usiyoizoea, wala si mtu mwenye jina la kabila la ng'ambo. Mipaka yetu iliwekwa juu ya watu waliokuwa wakiishi pamoja. Wateso wako Busia ya Kenya na wako Uganda. Wakuria wako pande zote mbili za Isebania. Wamaasai wako Kajiado na wako Tanzania. Wadigo wako Kwale na wako Tanga. Ukimkataa Mkenya mwenzako kwa sababu ya jinsi anavyosema, umevunja Sheria ya Ajira, ambayo inakataza ubaguzi wa kabila, lugha, rangi, dini na mengine kama hayo.

Yafaa pia tukumbuke habari za Wamakonde wa Kwale. Wazee wao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Pwani. Kazi ilifanywa na mashamba yalistawi, lakini hati za watu hao hazikushughulikiwa. Watoto wao na wajukuu wao walizaliwa hapa bila kitambulisho, na bila kitambulisho mtu hawezi kupiga kura, wala kufungua hesabu katika benki, wala kuandikwa kazi nzuri. Mwezi wa Oktoba, mwaka 2016, walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kuomba uraia wao, na Serikali ikaagiza waandikishwe. Hapa tunaona kwamba jambo la hati likipuuzwa siku ya kuandika mtu kazi, laweza kuwasumbua wajukuu wake.

Kwa hiyo usikisie. Uliza kila mtu swali moja, mwenyeji na mgeni sawasawa: "Naomba kuona kitambulisho chako." Mkenya ataonyesha kitambulisho cha taifa. Andika jina na nambari katika daftari lako, kisha umrudishie kitambulisho chake pale pale.

3. HATI ZA MGENI

Sasa tuseme aliyekuja ni mgeni. Yapo mambo manne ya kujua.

(a) Ruhusa ya kuingia si ruhusa ya kufanya kazi. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu wakitumia vitambulisho vyao vya taifa. Wengi hudhani kwamba aliyeruhusiwa kuvuka Malaba ameruhusiwa pia kuandikwa kazi. Sivyo. Kuvuka ni jambo moja, na kazi ya mshahara ni jambo jingine. Afanyaye kazi yapasa awe na kibali cha kazi, au pasi maalumu kwa kazi ya muda mfupi.

(b) Soko la Pamoja halikuondoa vibali. Mkataba wa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Mkataba huo unawapa wafanyakazi wa nchi za Jumuiya nafasi ya kutafuta kazi katika nchi wenzao, nao unakataza kuwabagua katika mshahara na masharti ya kazi. Lakini kila nchi iliandika orodha ya kazi ilizozifungulia mlango, na si kazi zote zimo. Tena, mwenye mkataba wa kazi unaozidi siku 90 yapasa aombe kibali katika siku 15 za kazi baada ya kufanya mkataba huo. Kwa hiyo usimwambie mtu, "Sisi sote ni Afrika Mashariki, anza kesho." Ulizeni kwanza ofisi ya uhamiaji kama kazi hiyo yaruhusiwa.

(c) Kibali kina jina la kazi na jina la mwajiri. Kibali cha mtu aliyeandikwa kazi hutolewa kwa kazi fulani kwa mwajiri fulani. Mtu akikuonyesha kibali alichopata akiwa fundi wa mitambo katika shamba jingine, kibali hicho hakimruhusu kuwa msimamizi wa ng'ombe wako. Soma maandishi yote, na tazama tarehe ya mwisho.

(d) Mkimbizi ana njia yake. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika mwaka 2022, inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi au biashara. Lakini hata yeye yampasa awe na hati zake za ukimbizi na kibali cha daraja la wakimbizi, ambacho hutolewa bila ada. Mtu akikuambia ametoka Kakuma au Dadaab, usimfukuze kama mwizi, wala usimpe kazi bila kuuliza. Mwelekeze kwenye idara inayoshughulikia wakimbizi.

Je, ukipuuza haya yote? Mgeni afanyaye kazi bila ruhusa, au akaaye nchini kinyume cha sheria, aweza kutozwa faini hadi shilingi 500,000, au kufungwa hadi miaka 3, au yote mawili. Wala kosa si lake peke yake. Sheria inamkataza mwajiri kumwandika mtu aliyeingia nchini kinyume cha sheria, au ambaye ruhusa yake haimruhusu kufanya kazi, au kumpa kazi tofauti na ile iliyoruhusiwa. Mkulima hawezi kusimama mbele ya hakimu akasema, "Mimi sikuuliza." Kutokuuliza ndilo kosa lenyewe.

4. DAFTARI NA MAPATANO

Ukisha kuona hati, fanya mapatano. Mkulima anayeandika maneno yake hupata usingizi mzuri.

Kibarua wa kweli kwa maana ya sheria ni mtu anayelipwa kila jioni, na ambaye hakuandikwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Lakini ukimtumia mtu huyo huyo siku baada ya siku mpaka siku zake za mfululizo zifikie kama mwezi mmoja, sheria humhesabu kuwa mfanyakazi wa mwezi, hata kama wewe bado wamwita kibarua. Hapo yampasa apewe taarifa ya siku 28 kabla ya kuachishwa, au malipo badala ya taarifa hiyo.

Kazi itakayofika miezi 3 au zaidi yapasa iwe na mapatano ya maandishi, na ni wajibu wa mwajiri kuyaandika. Andika mambo haya:

Jina la mfanyakazi, umri wake na mahali atokapo.
Jina lako na mahali shamba lilipo.
Kazi atakayofanya na tarehe ya kuanza.
Saa za kazi na siku ya kupumzika, ambayo ni siku moja katika kila siku saba.
Mshahara, na siku ya kuulipa.
Likizo, ambayo si chini ya siku 21 za kazi baada ya kila miezi 12.

Kama mtu hajui kusoma, au hajui lugha ya mapatano, aelezwe kwa lugha anayoifahamu, kisha atie dole gumba mbele ya mtu mwingine asiye mwajiri. Usimwambie mtu aliyetoka Burundi atie dole juu ya maneno ya Kiingereza ambayo hakuelezwa.

Wako wakulima wasemao, "Nisipoandika, hana ushahidi." Hilo ni kosa kubwa. Jambo likifika mahakamani na mwajiri hana mapatano ya maandishi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha au kukanusha yale yanayodaiwa kuwa yalipatanwa. Asiyeandika amejifunga mwenyewe.

5. SIKU YA MSHAHARA

Sasa tumefika penye kiini cha somo. Tuchukue mfano.

Tuseme una ekari 8 za mahindi karibu na Kitale. Mvua za mwisho wa mwaka zatishia, na mahindi yamekauka. Watu watatu wamekuja kutoka ng'ambo ya Suam. Hukuuliza hati. Mmepatana shilingi 500 kwa siku, kulipwa kazi ikiisha. Wamevuna na kupukuchua siku 24. Kila mmoja amepata shilingi 12,000. Kwa mapatano yenu mliwapa unga, mafuta na fedha kidogo za mbele, jumla shilingi 2,000 kwa kila mmoja. Basi kila mmoja akudai shilingi 10,000, na wote watatu wakudai 30,000.

Gunia zako zimo ghalani, lakini hujauza. Jirani anakuja na kukunong'oneza, "Hawa hawana hati. Piga simu, wakamatwe. Utalipa nini?"

Bwana Mkulima, na wewe Mama Mkulima, simama hapo na ufikiri. Shauri la namna hii hutolewa mara nyingi mipakani, na wako wanaolifuata. Hebu tulipime kwa sheria.

Kwanza, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 41, inasema juu ya haki ya kila mtu kutendewa haki katika mambo ya kazi, na haki ya kila mfanyakazi kupata malipo ya haki. Katiba haikusema kila raia. Imesema kila mtu.

Pili, Kenya imetia sahihi ahadi mbele ya mataifa. Mwaka 1979 nchi yetu ilikubali Mkataba nambari 143 wa Shirika la Kazi Duniani, uliotungwa mwaka 1975 juu ya wafanyakazi wahamiaji. Mkataba huo, katika kifungu chake cha 9, unataka hata mfanyakazi ambaye hali yake haikuwa halali, wala haiwezi kurekebishwa, atendewe sawa na wengine katika haki zinazotokana na kazi aliyokwisha kufanya, yaani mshahara na mafao mengine. Na Katiba yetu, katika Kifungu cha 2, inasema kwamba mikataba ambayo Kenya imeikubali ni sehemu ya sheria za Kenya.

Tatu, Sheria ya Ajira inasema kwamba hata mtu aliyefukuzwa papo hapo kwa kosa kubwa hulipwa fedha zote zilizokuwa zake mpaka siku ya kufukuzwa. Kama mwizi wa maziwa hulipwa siku zake, itakuwaje mvunaji aliyejaza ghala lako asilipwe? Na mwajiri asiyelipa mshahara uliokwisha kupatikana ana kosa la jinai. Aweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi miaka 2, au yote mawili.

Kwa hiyo simu ile haikuondolei deni la shilingi 30,000. Yakuongezea mengine: maofisa watauliza ni nani aliyewaandika kazi watu hawa, na jibu ni wewe. Yule jirani hatakuwapo.

Tusielewane vibaya. Kulipwa mshahara hakumpi mtu haki ya kuendelea kukaa nchini, wala haki ya kuendelea na kazi. Hayo huamuliwa na sheria ya uhamiaji. Lakini jasho lililokwisha mwagika halihitaji kibali. Dawa ya deni ni kulipa.

Jambo jingine ni makato. Makato yanayoruhusiwa na sheria yakijumlishwa yasizidi sehemu mbili katika tatu za mshahara. Katika mfano wetu wa shilingi 12,000, makato yote hayawezi kupita 8,000, na mtu lazima ashike mkononi si chini ya 4,000. Tena, usimlipe mgeni chini ya mwenyeji kwa kazi ile ile, kwa sababu tu hana mahali pa kulalamika. Serikali hutangaza kiwango cha chini cha mshahara wa kazi za mashamba. Uliza ofisi ya kazi ya kaunti yako kiwango cha sasa kabla hujapatana na mtu yeyote.

6. KIBALI KIKIISHA

Huenda uliandika mtu mwenye hati nzuri, kisha tarehe ikapita. Ufanye nini?

Usifiche jambo, wala usimfukuze usiku. Mwite na umweleze kwa lugha anayoifahamu kwamba kibali kimekwisha. Mwache awe na mfanyakazi mwenzake anapoelezwa, na msikilize. Huenda ameomba kingine na anayo stakabadhi. Nendeni pamoja, au mwandikieni barua idara ya uhamiaji mpate kujua hali yake. Kama hakuna ruhusa, kazi yapasa isimame, kwa maana huwezi kuendelea kuvunja sheria. Mlipe siku zake zote na likizo aliyokuwa hajachukua, na umpe cheti cha kazi. Andikeni malipo hayo katika daftari, atie sahihi au dole.

Yafaa zaidi kuzuia kuliko kuponya. Katika daftari lako weka safu moja ya tarehe za vibali kuisha. Mkulima anayejua siku ng'ombe wake atakapozaa hashindwi kujua siku kibali cha mtu wake kitakapokwisha.

7. MAOFISA WAKIJA SHAMBANI

Ofisa wa kazi ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, kukagua daftari na kuzungumza na wafanyakazi. Ofisa wa uhamiaji naye ana mamlaka ya kudai hati za wageni. Hawa ni watu wawili wenye kazi mbili. Usimtishe mfanyakazi wako kwamba akienda kumwona ofisa wa kazi juu ya mshahara, utamwita wa uhamiaji.

Maofisa wakija, fanya hivi:

Waombe kwa heshima waonyeshe vyeti vyao vya kazi.
Waambie wafanyakazi wasikimbie. Mwenye hati ndani ya nyumba aombe ruhusa ya kuileta.
Toa daftari lako. Usiseme uongo wala usifiche mtu ghalani.
Usitoe chai. Sheria ya Kuzuia Hongo ya mwaka 2016 inamshika mtoaji sawasawa na mpokeaji.
Mtu akikamatwa, andika jina lake, siku, na kituo alikopelekwa. Katiba inataka afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, ila kama muda huo waisha nje ya saa za mahakama, hufikishwa siku ya mahakama inayofuata.
Piga hesabu ya mshahara wake siku hiyo hiyo na umfikishie, au umpe ofisa wa kazi taarifa yake.

8. USISHIKE HATI YA MTU

Kuna desturi mbaya ya kumnyang'anya mfanyakazi pasipoti au kitambulisho "asije akatoroka." Acha kabisa desturi hii. Nakala au nambari yakutosha. Kumzuilia mtu hati zake, kumtisha kwa polisi na kumtumikisha bila mshahara ni mambo yanayoweza kukufikisha kwenye Katiba, Kifungu cha 30, kinachokataza utumwa na kazi za kulazimishwa. Yakizidi, yaweza kukufikisha kwenye Sheria ya Kupambana na Biashara Haramu ya Watu ya mwaka 2010, ambayo adhabu yake si chini ya kifungo cha miaka 30 au faini ya shilingi milioni 30.

Sisi Wakenya hatuhitaji kufundishwa uchungu wa jambo hili na mtu mwingine. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kuvaa kipande. Ndani yake mlikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara. Mtu hakuweza kuacha kazi mpaka mwajiri atie sahihi kwamba amemwachilia, na aliyeondoka bila sahihi hiyo alitafutwa na kushtakiwa. Mwajiri mbaya alikuwa na nguvu kuliko hakimu, kwa sababu karatasi ya mtu ilikuwa chini ya kalamu yake.

Na leo hii watoto wetu wako nchi za watu. Wako Saudi Arabia, Qatar na kwingineko katika Ghuba, wengi wakifanya kazi za nyumbani. Huko kuna utaratibu uitwao kafala, ambao humfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake. Nchi hizo zimeanza kuulegeza. Qatar mwaka 2020 iliondoa sharti la kuomba ruhusa ya mwajiri kabla ya kuhamia kazi nyingine. Saudi Arabia ilibadili masharti mwaka 2021, lakini wafanyakazi wa nyumbani hawakuingizwa katika mabadiliko hayo. Mzazi wa Kakamega au Murang'a ambaye binti yake amenyang'anywa pasipoti na kunyimwa mshahara wa miezi hulia na kuomba Serikali imsaidie. Kilio hicho ni cha haki. Basi mzazi huyo huyo asimfanye mtoto wa Mganda au wa Mtanzania alie vivyo hivyo zizini mwake.

9. AJALI SHAMBANI

Neno la mwisho. Mfanyakazi akikatwa na mashine ya kukatia majani, au akiumizwa na trekta, mpeleke hospitali kwanza, maswali ya hati yafuate. Sheria ya Fidia kwa Ajali Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awawekee wafanyakazi wake bima na atoe taarifa ya ajali katika siku 7. Kumtupa mgeni kando ya barabara ili ajali isijulikane si sheria wala si utu.

MUHTASARI

Ona hati kabla ya kutoa jembe. Andika mapatano. Lipa kazi iliyokwisha fanywa, awe nani aliyeifanya. Usishike karatasi ya mtu. Usitumie sheria ya uhamiaji kama fimbo ya kukwepea sheria ya kazi.

MASWALI YA KUJIPIMA

Jibu maswali haya wewe mwenyewe, au mjadiliane katika chama chenu cha ushirika. Majibu yote yamo katika somo.

1. Mtu amevuka Busia kwa kitambulisho cha Uganda. Je, aweza kuanza kazi kwako kesho? Kwa nini?
2. Kibarua amefanya kazi kwako mfululizo kwa muda wa mwezi mmoja. Sheria inamhesabu kuwa mfanyakazi wa namna gani?
3. Mfanyakazi amepata shilingi 9,000. Makato yake yote hayawezi kuzidi kiasi gani?
4. Mvunaji asiye na kibali amekufanyia kazi siku 10. Ni sheria zipi zinazosema alipwe?
5. Kibali cha msimamizi wako kitakwisha mwezi ujao. Utafanya mambo gani, na kwa utaratibu gani?

Kama hujui jibu la swali la kwanza, usimpe mtu jembe kesho asubuhi. Nenda kwanza ukaulize ofisi ya uhamiaji iliyo karibu nawe. Na kama yuko mtu aliyekwisha kukufanyia kazi na hujamlipa, hilo halihitaji kuulizwa ofisini. Mlipe leo.